Bawa Zito: Kosa Dogo Linalolipiwa Ghali Juu ya Uwanda wa Kati

Ndege ndogo imetoka Dodoma asubuhi kuelekea Itigi. Imefika kimo chake, hewa imetulia, na rubani anaachia usukani kwa sekunde chache. Bawa la kushoto linaanza kushuka lenyewe, taratibu, bila upepo wowote wa kulisukuma. Hilo ndilo bawa zito. Si dharura. Rubani ataushika usukani ukiwa umepinda kidogo kulia mpaka Itigi na kurudi, na abiria hawatajua lolote. Ndiyo maana tatizo hili huishi ndani ya ndege kwa miaka mingi: halijamzuia mtu kufika.

Lakini lina gharama, na gharama hiyo ni kubwa zaidi Dodoma, Singida na Kondoa kuliko Dar es Salaam au Tanga. Tena namna ya kulisahihisha ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Zipo njia za kulinyanyua bawa zinazoondoa ukinzani wa hewa, na zipo zinazouongeza. Njia za haraka, zile zinazomaliza kazi ndani ya dakika kumi, nyingi ni za kundi hilo la pili.

Tuanze na mahali penyewe. Kiwanja cha ndege cha Dodoma kiko takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto la nyuzi 30, hewa ya hapo ni nyepesi kwa asilimia 17 hivi ukilinganisha na kipimo cha kawaida cha pwani. Kwa ndege ni kana kwamba kiwanja kimepandishwa hadi mita 1,900. Injini ya pistoni isiyo na tabo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo nguvu yake inapungua kwa karibu moja ya tano. Wakati huohuo bawa nalo, ili libebe uzito uleule, linahitaji kupita hewani kwa kasi zaidi, kama asilimia 10 juu ya kasi ya pwani, na nguvu inayohitajika kuushinda ukinzani inapanda kwa kiwango hicho. Injini inatoa kidogo, ndege inadai zaidi. Nikipiga hesabu ya makadirio kwa Cessna 206 yenye mzigo kamili wa kilo 1,633 na injini ya nguvu za farasi 300, akiba inayobaki ya kupandia juu ni kama tatu ya tano tu ya ile ya pwani. Ukinzani wowote wa ziada unakatwa kwenye akiba hiyo, na rubani anayeondoka saa nane mchana akiwa na vilima mbele yake anaihitaji yote.

Ndege za aina hii ndizo zilizobeba kazi ngumu ya uwanda huu. Huduma ya madaktari wanaoruka, iliyoanzishwa mwaka 1957 na Michael Wood pamoja na Archibald McIndoe na Tom Rees, ndiyo iliyokuja kuwa AMREF, na ilisimama juu ya mabawa ya ndege ndogo. Shirika la kimisheni la MAF lilikuwa na makao yake Dodoma kwa miaka mingi, likipeleka wauguzi, dawa na wagonjwa kwenye viwanja vya udongo. Hospitali kama Mvumi, Kilimatinde, Itigi na Haydom zinajua thamani ya ndege inayotua kwenye kipande cha ardhi kilichofyekwa. Katika safari za namna hiyo hakuna kituo cha mafuta njiani. Petroli ya ndege, avgasi, haipatikani kila kiwanja, na mara nyingi mafuta ya kurudia ndiyo uliyoondoka nayo.

Sasa tuangalie kinachotokea bawa likiwa zito. Rubani anapinda usukani. Eleroni, mabamba yanayocheza kwenye ukingo wa nyuma wa bawa karibu na ncha, zinaufuata: ya upande mzito inashuka, ya upande mwepesi inapanda. Zote mbili zimetoka kwenye mstari wa bawa na zinasimama mbele ya hewa. Bawa lililoshushiwa eleroni linanyanyua zaidi, na kwa kunyanyua zaidi linaburuta zaidi, kwa hiyo pua ya ndege inavutwa kuelekea upande huo. Rubani anaongeza mguu kwenye usukani wa mkia ili pua ibaki mbele. Kosa moja, pengine la milimita chache kwenye ukingo wa bawa, limezitoa mahali pake sehemu tatu nyingine. Ni kama kusafiri na baiskeli ambayo kipande cha breki kinagusa ringi: unafika, lakini kila mzunguko umeulipia. Na ukinzani wa namna hii hukua kwa mraba wa kasi. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10, unaongezeka kwa asilimia 21.

Swali la kwanza ni uzito unatoka wapi, na hapa wengi wanakimbilia spana kabla ya kufikiri. Kuna kipimo kizuri kisichohitaji kifaa chochote. Ruka kwa mwendo wa safari, kisha punguza mwendo taratibu bila kubadilisha kimo, ukiangalia usukani umepinda kiasi gani. Ikiwa mwendo ukipungua usukani unahitaji kupinda zaidi, tatizo ni uzito wa kweli: mafuta, mizigo au watu. Uzito haubadiliki kwa mwendo, lakini uwezo wa eleroni kuushinda unapungua hewa inapopita polepole. Ikiwa upindaji unabaki uleule, ila mkono unachoka zaidi kadiri unavyoongeza mwendo, tatizo ni umbo: bawa, flapu (bamba la nyuma ya bawa linaloshushwa wakati wa kutua) au eleroni haikukaa sawa, na umbo baya linapata nguvu kutokana na hewa ileile inayoipa eleroni nguvu. Ikiwa bawa linashuka wakati wa kupanda tu, injini ikiwa imefunguliwa kabisa, basi huo ni mvuto wa propela na injini, ambao ndege zote za injini moja zinao. Hilo halirekebishwi kwa kugusa bawa.

Jaribio hili lifanywe alfajiri. Uwanda wa kati una upepo mkavu wa mashariki na kusini-mashariki, na jua likishapanda, ardhi nyekundu iliyo wazi inapashwa joto bila usawa. Kufikia saa tano hewa inapanda na kushuka kila kona. Katika hewa hiyo huwezi kutofautisha bawa zito na hewa inayokurusha. Saa kumi na mbili na nusu, juu ya Chamwino au Bahi, hewa bado imelala, na kosa dogo linaonekana wazi.

Kabla ya kulaumu bawa, angalia gololi. Kwenye dashibodi ya ndege nyingi ndogo kuna kibomba cha kioo kilichopinda kidogo, ndani yake gololi nyeusi inayobingirika ndani ya kimiminika. Gololi ikiwa katikati, ndege inakwenda mbele sawasawa. Ikiwa pembeni, ndege inakwenda ubavu. Ndege inayokwenda ubavu hubinuka yenyewe, kwa sababu mabawa yameelekezwa juu kidogo kwenye ncha na hewa ya ubavuni hulinyanyua bawa lililo upande inakotoka. Kwa hiyo ndege ambayo usukani wake wa mkia umepinda inaweza kuonekana ina bawa zito ilhali mabawa yake hayana kosa lolote. Ukilisahihisha bawa hapo, umeiacha ndege ikienda ubavu daima, na mwili mzima wa ndege unaokwenda ubavu una ukinzani zaidi kuliko eleroni yoyote iliyopinda. Nyoosha kwanza mkia. Na kabla ya hapo, hakikisha kibomba chenyewe kimefungwa sawa: ndege isimamishwe chini ikiwa imepimwa kwa pima maji pande zote, halafu gololi itazamwe. Ikiwa haiko katikati hapo chini, marubani wamekuwa wakiifuata kwa uaminifu kuelekea kwenye kosa.

Pili ni mafuta. Avgasi ina uzito wa takribani gramu 720 kwa lita, na tanki liko ndani ya bawa, mbali na katikati ya ndege. Cessna 206 inatumia kama lita 58 kwa saa. Nyingi za zamani valvu yake ya mafuta ina kushoto na kulia tu, hivyo rubani akisahau kubadilisha tanki kwa saa moja, upande mmoja umepungukiwa kilo 42. Tukichukua kwamba tanki liko mita 2 kutoka katikati, na eleroni inafanya kazi yake kama mita 4 kutoka katikati, eleroni zinatakiwa kuzalisha kilo 21 za kunyanyua ili tu kusawazisha. Hiyo si ndogo. Linganisha na abiria: mtu wa kilo 90 aliyekaa sentimita 35 kutoka mstari wa katikati analemea sawa na lita 22 tu za mafuta. Watu huhamishwa viti huku tanki moja limejaa na jingine limefika nusu. Hata ndege zenye valvu ya kutumia matanki yote mawili hazivuti sawasawa siku zote, na ukiziegesha kwenye mteremko valvu ikiwa wazi, mafuta huhamia upande wa chini usiku kucha. Viwanja vyetu vya udongo vina miteremko mingi. Kijiti cha kupimia tanki kila asubuhi, pande zote mbili, kinatibu mabawa mazito mengi kuliko spana.

Uzito ukishaondolewa kwenye orodha, kazi ya fundi inaanza, na mahali pa kuanzia ni flapu. Katika Cessna nyingi za bawa la juu, mota ya flapu iko ndani ya bawa la kulia, na flapu ya kushoto inavutwa kwa kebo. Kebo ikilegea, flapu ya kushoto haifungi kabisa. Inabaki imening'inia milimita kadhaa. Bawa la kushoto linanyanyua zaidi, na rubani anaandika kwamba bawa la kulia ni zito. Ukimsikiliza bila kukagua, utakwenda kulishughulikia bawa la kulia ambalo ni zima. Simama nyuma ya ndege, inama mpaka macho yawe usawa wa ukingo wa nyuma wa bawa, na tazama mstari mmoja kutoka flapu mpaka eleroni, upande mmoja halafu mwingine. Kisha sukuma flapu kwa mkono kwenda juu. Ikicheza, umepata mengi.

Eleroni nazo zikaguliwe zikiwa zimefungwa katikati, kwa kipimo na si kwa jicho pekee. Hapa kuna jambo la hali ya hewa yetu. Mwili wa ndege ni alumini, kebo ni chuma, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kati ya asubuhi ya nyuzi 15 na mchana wa nyuzi 30, kwenye urefu wa mita 5, tofauti inakaribia milimita 1. Kebo iliyokazwa sawa asubuhi itakuwa imebana zaidi mchana. Kwa hiyo mkazo wake lazima upimwe kwa geji na kusomwa pamoja na joto la wakati huo, kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza. Kukaza kwa kupapasa kwa vidole hakufai.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye bawa lenyewe. Ndege za uwanda huu haziishi maisha laini. Zinatua kwa kishindo kwenye udongo uliokauka, mawe yanarushwa na magurudumu, tawi la mgunga linakwaruza ncha, ndege wa porini wanagonga ukingo wa mbele. Ukingo wa mbele ndio sehemu nyeti kuliko zote: bonde dogo la ukubwa wa kiganja au kiraka kilichopigwa ribiti bila kufuata mkunjo wa awali hubadilisha mwendo wa hewa juu ya bawa zima nyuma yake. Na kugongwa na ndege wa porini kusichukuliwe kirahisi katika nchi hii. Januari 10, 1959, Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, alikufa baada ya tumbusi kugonga bawa la ndege yao aina ya Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Bawa lililogongwa likifika kwa fundi, swali la kwanza liwe kama boriti, mbavu na kebo zilizo ndani ni nzima. Suala la kusawazisha lije baadaye sana.

Tuseme bawa ni zima, flapu zinafunga, eleroni ziko katikati, gololi imetulia, matanki yako sawa, na bado upande mmoja unashuka. Hapo inabaki pembe ya bawa. Katika Cessna zenye nguzo ya mshazari chini ya bawa, watengenezaji wake waliliona hili tangu mwanzo. Pale boriti ya nyuma inapoungana na mwili wa ndege, boliti inapita ndani ya bushi ambazo tundu lake haliko katikati. Upande mmoja wa bushi ni mnene, mwingine mwembamba. Fundi akilegeza nati na kuzizungusha, ukingo wa nyuma wa bawa unapanda au unashuka kidogo sana. Ukishuka, pembe ya bawa inaongezeka na bawa linanyanyua zaidi. Bushi ni mbili kwa kila boliti na lazima zizungushwe kwa pamoja; ukizungusha moja peke yake, matundu hayalingani tena na unaharibu bawa mahali pabaya kuliko pote. Desturi nzuri ni kuzirudisha zote kwanza katikati, pande zote mbili, kwa sababu mara nyingi fundi wa zamani aliongeza hapa na mwingine akapunguza kule, na ndege imebeba marekebisho yanayopingana.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haiongezi kitu chochote hewani. Bawa linakaa kwenye pembe yake mpya, eleroni zinarudi kwenye mstari, mguu unatoka kwenye usukani wa mkia. Ukinzani unapungua badala ya kuhamishwa. Ndiyo sababu naiweka juu ya nyingine zote kwa ndege inayoruhusu. Ndege kama Piper Cherokee, ya bawa la chini, haina bushi hizo, na huko fundi anarudi kwenye namna flapu na eleroni zinavyokaa, kwa vipimo vya kitabu chake.

Lakini njia hii nayo ina mpaka. Bawa lenye pembe kubwa zaidi ndilo linalopoteza nguvu kwanza ndege inapokwenda polepole mno. Ukiongeza pembe ya bawa la kushoto ili lisishuke kwenye mwendo wa safari, siku rubani atakapopunguza mwendo kupita kiasi karibu na kutua, bawa hilohilo la kushoto linaweza kuachia mapema kuliko la kulia na ndege ikabinuka ikiwa karibu na ardhi. Kwa hiyo baada ya kugusa bushi, ndege ijaribiwe kwa mwendo mdogo ikiwa juu sana, kabla haijabeba mtu. Na kama bushi zimefika mwisho na bawa bado ni zito, usitafute nafasi zaidi. Bawa limepinda mahali fulani na linatakiwa kupimwa upya kwa pima maji, ubavu kwa ubavu, kutoka shina hadi ncha.

Kibati nimekiacha makusudi hadi sasa. Ni kipande kidogo cha bati kwenye ukingo wa nyuma wa eleroni, kinachokunjwa kwa mkono ndege ikiwa chini. Kikikunjwa juu kwenye eleroni ya kushoto, hewa inakisukuma chini, eleroni nzima inashuka, bawa la kushoto linanyanyuka. Rubani anaachia usukani na ndege inakwenda sawa. Kila mtu anafurahi. Lakini eleroni zote mbili bado zimetoka kwenye mstari, sawasawa kama zilipokuwa zimeshikwa kwa mkono, na juu yake kumeongezeka kibati kilichosimama. Kilichopungua ni uchovu wa mkono wa rubani. Ukinzani umeongezeka. Tena dalili imefichwa: flapu inayozidi kulegea au bawa linaloanza kupinda halitaonekana tena mapema. Otopailoti hufanya vivyo hivyo, inashikilia bawa zito kimyakimya, na siku inapozimwa ghafla ndege inabinuka mikononi mwa mtu ambaye hakutegemea.

Sisemi kibati hakina kazi. Kwa mabaki madogo, baada ya mengine yote kufanywa, mkunjo wa milimita moja au mbili ni halali, na bei yake hewani ni ndogo sana. Kibaya ni kukifanya cha kwanza. Kibaya zaidi ni kuongeza kibati mahali ambapo mtengenezaji hakukiweka, au kubandika kabari kwenye eleroni. Eleroni imesawazishwa kwa uzito wake ili isitetemeke kwenye kasi kubwa, na hata rangi ya ziada inaweza kuuvuruga usawa huo. Mtetemo ukianza, eleroni inaweza kung'oka ndani ya sekunde chache.

Kuna wanaosema yote haya ni ya watu wanaoshindania mwendo, na kwamba ndege ya kazi haihitaji unyoofu kiasi hicho. Jibu liko magharibi na kusini mwa Dodoma, juu ya Rungwa, Kizigo, Muhesi na Ruaha, kwenye sensa za tembo zinazofanywa na taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI. Katika njia ya sampuli, iliyoelezwa kwa kina katika mwongozo wa Mike Norton-Griffiths ambao toleo lake la pili lilitoka mwaka 1978, ndege ya bawa la juu hupita kwenye mistari iliyonyooka kwa kimo cha takribani mita 100. Kwenye nguzo za bawa hufungwa fimbo mbili kila upande. Mwangalizi aliyekaa nyuma huhesabu tu wanyama wanaoonekana kati ya fimbo hizo, na upana wa ardhi kati yake ndio unaozidishwa ili kupata makadirio ya eneo zima.

Fimbo zimefungwa kwenye ndege, na ndege ikibinuka zinabinuka nazo. Chukua kimo cha mita 107 na ukanda unaoanza mita 75 hadi mita 225 kutoka chini ya ndege, yaani upana wa mita 150. Rubani aliyechoka kupambana na bawa zito akaliacha lishuke kwa nyuzi 2 tu, akashikilia mwelekeo kwa mguu. Upande ulioshuka, ukanda unapungua na kuwa kama mita 137. Upande ulioinuka unafika karibu mita 166. Kila mwangalizi anahesabu ukanda ambao si ule ulioandikwa kwenye fomu, kwa kosa la kama moja ya kumi. Jumla ya pande mbili inakaribia kulingana, lakini waangalizi hawana macho sawa, jua liko upande mmoja, na kundi la tembo likiwa ukingoni mwa fimbo linaingia au linatoka kwa sababu ya nyuzi hizo 2.

Uzito wa hesabu hizi tunaujua. Mwaka 2013 makadirio ya tembo katika mfumo wa Ruaha na Rungwa yalikuwa 20,090. Mwaka 2014 yakawa 8,272. Ikaagizwa hesabu irudiwe, na mwaka 2015 ikatoka 15,836. Simaanishi kwamba bawa zito lilileta tofauti hizo. Nasema kwamba nchi inapogombana kuhusu idadi kama hizo, vyanzo vya makosa vinavyoweza kuondolewa kwa spana na pima maji viondolewe kabla ndege haijaondoka.

Upande wa fedha niupitie haraka. Tukisema bawa zito lililofichwa kwa kibati linaongeza ukinzani kwa asilimia 2, hiyo ni zaidi ya lita 1 kwa saa kwa Cessna 206. Ndege inayoruka saa 500 kwa mwaka itakuwa imechoma lita zaidi ya 500 bila kusogea popote. Mafuta hayo yote yalibebwa mahali pa mgonjwa, chanjo au mzigo.

Kazi ya kurekebisha ni ya fundi mwenye leseni inayotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kwa kitabu cha mtengenezaji mkononi, na kila kilichoguswa kwenye mfumo wa kuongoza ndege kikaguliwe na mtu wa pili kabla ya kuruka. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kinafundisha vijana kazi hii hapa nchini, na ningependa kuona somo la kutafuta chanzo cha bawa zito likifundishwa nje, kwenye ndege halisi, alfajiri na mchana, ili mwanafunzi aone kwa macho yake kebo inavyobadilika na joto.

Hata hivyo fundi hawezi kutibu asichoambiwa, na taarifa nyingi za bawa zito zinaandikwa kwa maneno mawili yasiyomsaidia: "bawa zito". Kwa hiyo nawaomba marubani wa Dodoma na viwanja vyote vya uwanda wa kati: mkiliona, andikeni kwenye kitabu cha ndege ni bawa lipi, mwendo ulikuwa kiasi gani na mlipoupunguza usukani ulifanya nini, gololi ilikaa wapi, kila tanki lilikuwa na lita ngapi, nani alikaa upande gani, na injini ilikuwa kwenye nguvu gani. Ni mistari minne ya kuandika. Na wenye ndege, fundi akiomba siku nzima ya kuzipima flapu, kebo na bushi badala ya dakika kumi za kukunja kibati, mpeni siku hiyo.